Prosesa Aliyoikataa Raudha

Sista Conjesta hakupiga simu. Mchana ule alifunga zahanati yake ya Mpemba, nje ya mji, akapanda bodaboda mpaka Tunduma mjini, akashuka mtaa wa Sogea na kubisha hodi kwa Raudha akiwa bado na gauni lake jeupe la kazi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kola. Raudha alipomwona mlangoni alijua hakuja kwa heri.

"Karibu sista. Kaa kwanza, nikuletee chai."

"Chai siku nyingine, Raudha. Sikuja kulaumu. Nimekuja kukueleza kwa mdomo wangu, maana mambo mengine hayafai kwenye simu."

Akaeleza akiwa amesimama. Asubuhi ile bibi mmoja alimletea mjukuu mwenye homa na kifua kilichobana. Mama wa mtoto alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, sokoni, na yule bibi hakujua mtoto amewahi kuugua nini. Conjesta akafungua faili lake kwenye kompyuta. Kompyuta ikaganda. Akasubiri, mtoto anahema kwa shida, wagonjwa wengine wamejaa barazani. Mwishowe akaona asubiri nini. Akavuta penisilini kwenye sindano, akampaka mtoto spiriti pajani. Hapo ndipo faili likafunguka. Mtoto yule hapatani na penisilini. Mwaka uliotangulia alichomwa dawa hiyohiyo, akavimba uso mpaka macho yakafumba.

"Pamba ilikuwa bado mkononi mwangu," Conjesta alisema. "Mtoto ni mzima, nilimpa dawa nyingine. Lakini kesho huenda faili likachelewa zaidi. Kama mashine yako haiwezi, niambie nirudi kwenye makaratasi. Sitakuchukia."

Raudha alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi moja kwa moja kwenye chumba cha uani kilichokuwa zamani stoo ya matairi. Humo ndimo ilimokaa seva yake, sanduku jeusi aliloliunga mwenyewe alipomaliza chuo Mbeya. Ukilitazama lilikuwa sanduku moja, lakini ndani yake ziliishi kompyuta sita, mithili ya wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na mlango wake na ufunguo wake. Mmoja alikuwa wa zahanati ya Conjesta, aliyemletea mafaili ya wagonjwa kwa mtandao. Wawili walikuwa wa Boazi, wakala wa kutoa mizigo mpakani. Mmoja alifuatilia safari za malori ya Yassir, mume wa Raudha, na ya Ashraf, mdogo wa Yassir. Mmoja alikuwa wa Raudha mwenyewe, wa kujifunzia. Na wa sita alikuwa mlinzi. Huyo ndiye aliyeshika lango la mtandao. Hakuna aliyeingia wala kutoka bila kupita mikononi mwake.

Wapangaji sita, jiko moja. Jiko hilo ndilo prosesa, na asubuhi vijana wa Boazi walipoanza kusukuma nyaraka zao za malori, lilizidiwa. Siku nyingine aliyekosa moto alikuwa Raudha mwenyewe, akavumilia. Safari hii alikuwa Conjesta, na sindano mkononi.

Jioni, wakila, Raudha aliwaambia wa nyumbani kwamba lazima abadilishe prosesa. Yassir hakuwapo, alikuwa njiani kuelekea Kongo na lori lake. Waliokuwapo ni mama mkwe wake, Bi Stamili, na Ashraf. Ashraf alikuwa mtu wa haraka katika kila kitu, katika kula, katika kuendesha na katika kupenda. Ndiye aliyesaidia vipuri vya seva ile vinunuliwe wakati kaka yake bado anasitasita, na kila alipopata mgeni alimpeleka stoo akaione.

Kesho yake Ashraf alivuka mpaka, akarudi na kiboksi kidogo kutoka kwa ba Mulenga, yaani bwana Mulenga kwa lugha ya kule, muuzaji wa vipuri vya kompyuta wa Nakonde. Alikiweka mapajani mwa mama yake.

"Mpe mkweo kwa mkono wako, mama. Ba Mulenga anasema katika aina hii hakuna yenye mbio kuliko hiyo."

Bi Stamili akampa Raudha kwa mikono miwili, akamwombea dua. Raudha akakigeuza kiboksi, akasoma namba, na mwisho wa namba akaona herufi K. Prosesa yenye herufi ile alikuwa ameisoma sana. Ilikuwa na mbio kweli, ila watengenezaji wake hawakuipa uwezo mmoja: haikuweza kumkabidhi mpangaji mmoja kifaa kikawa chake peke yake. Na mlinzi wake aliishi kwa uwezo huo. Kadi ya mtandao ilikuwa yake, hakuna mwingine aliyeigusa. Bila uwezo huo kadi ingebidi ishikwe na nyumba nzima, na mafaili ya wagonjwa yangekaa lango moja na shughuli za Boazi, ambaye vijana wake walibofya kila kilichometameta.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini mama mkwe alikuwa anatabasamu, na Ashraf amekaa mbele yake kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari. Raudha akasema ahsante. Akakiweka kiboksi juu ya kabati na kimya kimya akaagiza Dar es Salaam prosesa nyingine: mbio zake pungufu kidogo, ila mwenendo wake wa seva, inayoweza kupikia wengi na kumwachia mlinzi kadi yake.

Siri ya nyumba moja haikai. Mzigo ulifika kwa basi, na aliyekuwa ofisi ya basi siku hiyo, akisubiri vipuri vyake, ni Ashraf. Karani akamwona, akamwambia, "Kuna mzigo wa shemeji yako, mchukulie." Juu ya mzigo yalikuwa yameandikwa yaliyomo.

Alimkuta Raudha anaanua nguo. Akamkabidhi mzigo bila salamu.

"Yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya, shemeji. Haifai kazi hii tu." Akamweleza habari ya mlinzi na kadi.

"Ina maana hakuna njia nyingine kabisa?"

"Ipo. Ila lango litakuwa la wote."

"Basi njia ipo." Ashraf alitikisa kichwa. "Ungeniambia siku ileile, ningeirudisha kwa ba Mulenga kabla hajaondoka kwenda Lusaka. Umeniacha nimwambie kila dereva kwamba mashine yetu sasa inakimbia. Umemfanya mama akupe kwa dua kitu ambacho ulishakitupa moyoni."

Raudha alijua hakuna neno katika hayo ambalo halikuwa kweli. Ashraf akaondoka. Tangu siku hiyo alikula chakula chake kwenye lori.

Jumamosi jioni, vijana wa Boazi walipofunga kazi, Raudha alimwomba Conjesta atumie makaratasi mpaka Jumatatu, akawazima wapangaji wote, akafungua sanduku. Akatoa prosesa ya zamani, akafuta mabaki ya dawa ya kupitishia joto, akaweka mpya. Akawasha. Feni ikazunguka. Kioo kilibaki cheusi, na hilo alilitegemea, kwa kuwa prosesa za aina ile hazina picha ndani yake. Dalili ingeonekana kwenye laptopu, seva ikianza kuitikia mtandaoni. Akasubiri. Feni ikasimama, ikazunguka tena, ikasimama. Laptopu haikupata jibu.

Alihangaika mpaka akakumbuka jambo lililomfanya akae chini sakafuni. Bodi yake, lile bamba linaloshika prosesa na vifaa vyote, ilikuwa ya zamani kuliko prosesa ile. Ilikuwa haiijui. Ili iijue ilibidi kwanza ile programu ndogo iliyochomwa kwenye bodi yenyewe, BIOS, ibadilishwe kwa toleo jipya, na kazi hiyo ifanyike prosesa ya zamani ikiwa imerudishwa mahali pake. Kila kitabu kilionya kwa maneno yaleyale: umeme usikatike katikati. Ukikatika, bodi inakufa, na bodi kama ile haikuwapo Tunduma wala Mbeya.

Kilichomuuma zaidi ni hiki: prosesa ya Ashraf ilikuwa ya kizazi kimoja na bodi. Ingeingia na kuwaka palepale, bila hatari yoyote. Yeye, aliyesoma, aliyeona herufi moja mwisho wa namba, hakuangalia jambo la kwanza kabisa.

Akaziweka mezani prosesa mbili, ya Ashraf huku na ya Dar huku. Akichukua ya Ashraf, nyumba ingepata amani kabla ya Jumatatu na mtoto mwingine wa Mpemba asingesubiri faili. Ila siku kijana wa Boazi atakapofungua takataka yenye kirusi, kingetembea mpaka kwenye majina ya wagonjwa, na yeye angejua ni nani aliyefungua lango. Akarudisha prosesa ya zamani kwenye bodi, akaweka toleo jipya la BIOS kwenye flashi, na kwa kuwa umeme ulikuwa umeanza kurukaruka akasubiri kukuche.

Jumapili asubuhi umeme haukuwapo. Wiki ile ulikuwa ukikatwa karibu kila siku, na hata uliporudi ulirudi kwa kurukaruka. Betri ya UPS, kifaa cha kushikilia seva umeme ukikatika, ilikuwa imevimba. Haikuweza kushikilia hata taa. Jenereta ya jirani ndiyo iliyounguza televisheni yao mwaka uliopita. Na Jumatatu Boazi alikuwa anaanza kazi kubwa ya kampuni mpya ya usafirishaji, malori juu ya malori. Kwa prosesa ile ya zamani Conjesta asingepata moto kabisa.

Raudha akajitanda mtandio, akatembea mpaka kwenye foleni ya mpakani. Malori yalikuwa yamepangana tangu lango la forodha, madereva wamekaa kwenye vivuli vya matrela wakipika. Alimkuta Ashraf kwenye kabini, karibu na mbele. Zamu yake ilikuwa karibu kufika.

"Shemeji, nimekuja kuomba jambo baya," alisema. "Inverta yako hiyo inayowasha televisheni. Naomba umeme wa lori. Bodi yangu haiijui prosesa niliyoagiza, na kosa ni langu, sikuangalia. Yako ingewaka jana."

Ashraf alimtazama. "Ingewaka?"

"Palepale."

"Na bado huitaki."

"Bado siitaki. Kwa ajili ya wagonjwa wa sista."

Ashraf akageuka kulitazama lango lililokuwa pale pale mbele yake. Akitoka, waliokuwa nyuma wangesogea, na yeye angerudi mkiani. Mzigo wake wa saruji ulikuwa ukingojewa Zambia.

"Panda," alisema.

Mtaa wa Sogea haukujengewa malori. Ashraf alilipenyeza lake mpaka dirisha la stoo, likaziba njia karibu yote. Wakapitisha waya kutoka kabini hadi ndani. Betri zake zilikuwa zimechoka, akaonya. Injini ikizimwa tu, inverta inapiga kelele na kukata. Kwa hiyo atakaa kwenye usukani na kuiacha injini inaunguruma.

Raudha akawasha seva, akachomeka flashi, akasoma kila kitu mara mbili. Kidole kilimkataa. Akasema bismillahi, akabonyeza.

Mstari mwembamba ukatokea kwenye kioo na kuanza kujaa kutoka kushoto, polepole kama maji yanayopanda ukutani. Chini yake maandishi: usizime. Alikaa ameshika magoti, akisikiliza injini nje zaidi ya alivyotazama kioo. Kila ilipobadili sauti, moyo wake ulibadilika nayo.

Ndipo akasikia kuimba. Kwanza alidhani ni kanisani, halafu sauti zikakaribia. Kichwa cha Ashraf kikatokea dirishani.

"Shemeji, kuna msiba. Wana jeneza kwenye pikapu, wanakwenda makaburini. Hawana pa kupita."

Raudha akatazama mstari. Haukuwa umefika nusu. "Waambie wasubiri kidogo tu."

"Niwaambie marehemu asubiri kompyuta?"

Hakuwa amepandisha sauti. Nje wimbo ulikuwa umekatika, na ule ukimya wa watu waliosimama na maiti wao ulikuwa mzito kuliko kelele. Mtu mzima mmoja akasema kwa lafudhi ya Kinyiha, kwa adabu, "Mwanangu, tunaomba njia." Raudha alijua hakuna mtu Tunduma nzima ambaye angemsamehe Ashraf kwa kuzuia jeneza, wala yeye asingejisamehe.

"Waya umebaki kiasi gani?" Ashraf aliuliza.

Raudha akatazama sakafuni. Alikuwa ameuzungusha mara kadhaa karibu na mguu wa meza. "Upo kidogo."

"Basi ulegeze kadiri ninavyosogea. Nitaegemea ukuta wa jirani. Usiuache ukavutika."

Alirudi kwenye usukani. Raudha akaacha kioo, akasimama dirishani na waya mikononi. Lori likaguna. Ashraf alikuwa dereva wa mbio, lakini siku ile aliachia klachi kama mtu anayekanyaga yai. Injini ikashuka, ikatetemeka, na inverta ikaanza kulia, mlio mwembamba, mkali. Raudha aligeuza shingo: kioo kikapunguza mwanga, kisha kikarudi. Mstari ulikuwa bado unasogea. Akalegeza waya. Lori likasogea upana wa kiganja, halafu kingine, magurudumu ya kushoto yakapanda lundo la mchanga, likainama. Waya ulimwishia mikononi. Kipande kilichobaki kilikuwa kile kilichokwenda moja kwa moja hadi kwenye mashine.

"Basi," alisema. "Shemeji, umekwisha."

Kwa mngurumo wa injini Ashraf hakuweza kumsikia. Lori lilihitaji kusogea tena kidogo ili pikapu ipite. Raudha akalivuta sanduku lenyewe kwa mikono miwili, likiwa linafanya kazi, akalisogeza mpaka ukingoni mwa meza, akalishikilia kwa kifua. Waya ukalegea. Kioo cha pembeni cha lori kikagusa ukuta wa jirani, kikapasuka vipande. Lori likasimama. Injini ilikuwa bado inaunguruma.

Pikapu ikapita taratibu. Nyuma yake wakapita wanawake wa kwaya, kisha wanaume, na yule mtu mzima akainua mkono kumshukuru dereva. Hakuna aliyemwona Raudha, aliyekuwa amekumbatia sanduku jeusi gizani, machozi yanamtoka bila yeye kujua ni ya nini.

Mstari ulijaa. Mashine ikajizima yenyewe, kioo kikawa cheusi, na kwa muda alioshindwa kuupima alidhani ameiua. Kisha ikawaka.

Akazima, akaiweka prosesa mpya polepole, maana kwenye kitako inapokaa kuna vijipini laini kama nywele, na kimoja kikipinda ni msiba mwingine. Alipowasha tena, Ashraf alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Nje utingo wake, aliyekuja naye kwenye lori, alikuwa amekaa kwenye usukani akilinda injini. Wote wawili wakaitazama laptopu. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Feni ilizunguka, na safari hii haikusimama.

"Inajibu?" Ashraf aliuliza.

"Subiri."

Mstari mmoja ukatokea kwenye laptopu, ukafuatwa na mwingine. Mlinzi alikuwa ameamka, kadi yake mkononi. Baada yake wakaamka wengine, mmoja mmoja. Raudha akafungua faili la zahanati akiwa amewawasha wapangaji wote kwa pamoja, makusudi. Likafunguka kabla hajatoa kidole.

Bi Stamili alikuwa amekuja na kusimama nyuma ya mwanawe. "Kwa hiyo ile niliyokuombea dua ndiyo inafanya kazi?" aliuliza.

Ashraf alitazama sakafu. Raudha angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeishia hapo.

"Hapana, mama," alisema. "Ile ya shemeji ni nzuri, ila si ya kazi hii. Niliona siku ileile, nikanyamaza. Nikamwacha shemeji anadhani nimeipokea. Leo amepoteza foleni na kioo cha lori kwa sababu yangu."

Bi Stamili alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe. "Mnyamaze siku zote hizo, mimi nadhani chakula changu ndicho kibaya," alisema, akaenda zake jikoni.

Ashraf alicheka, kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Shemeji, nikileta kitu kisichofaa, niambie palepale. Nitanuna siku moja, basi. Hii nimenuna mpaka nikachoka."

"Nitakuambia."

"Na ile nyingine nipe. Kuna kijana Mbeya anacheza michezo ya magari kwenye kompyuta, yeye mbio ndizo anazozitaka."

Alizungusha waya wake, akaurudisha kabini, akapanda. Alikaa mkiani mwa foleni mpaka Jumatano, mwenye saruji wa Zambia akimpigia simu za kumlaumu asubuhi na jioni. Jumatatu Raudha alimpelekea chakula kulekule kwenye foleni, akiwa amepitia kwanza Mpemba kumwomba Conjesta aandike kwa wino mwekundu, kwenye kadi ya kila mgonjwa, dawa asiyopatana nayo. Ashraf alipokea sufuria, akafunua, akanusa.

"Vijana wa Boazi wameanza?" aliuliza.

"Tangu asubuhi. Wote wanapika."

"Na sista?"

"Anasema sasa kompyuta ndiyo inayomngojea yeye," Raudha alisema, akapanda kwenye ngazi ya kabini kumshikia sahani.